Ditoksi Visiwani: Ndimu, Pilipili na Vidonge vya Presha

Kuna maneno yanaingia mjini bila kupiga hodi, na "ditoksi" ni mojawapo. Juzi hukuwa unalijua, leo kila shosti ofisini analo mdomoni. Huyu anakunywa maji ya ndimu asubuhi, yule ana chai ya kuondoa sumu aliyoagiza kwa mtu wa Kariakoo, mwingine kakata wanga wiki nzima na sasa anagombana na kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Na kwa wale wenye uwezo kidogo, au wenye mume anayependa surprise kama wangu, kuna ditoksi ya kusafiri: unapanda boti, unakwenda ufukweni, unalipa pesa ya harusi ndogo ili usipewe chakula.

Sisi tulikwenda Unguja. Usiku tatu, pwani ya mashariki, mimi na mume wangu, miaka minne ya ndoa. Kituo chenyewe sikitaji jina. Ni pazuri, sitaki kudanganya: vibanda vya makuti, mchanga mweupe kama unga wa sembe, upepo wa kusi unaopita dirishani usiku kucha. Bahari ya upande huo ikipwa inakimbia mbali mpaka unashangaa imekwenda wapi.

Tulipofika tulipewa glasi ya kwanza. Maji, ndimu, asali na pilipili kichaa kwa mbali. Mwalimu wetu, mama wa Kizungu mwenye sauti ya kubembeleza, akatueleza kuwa hicho ndicho kinywaji kilichosafisha mastaa wa Marekani. Hapo hakukosea sana. Mapishi hayo yanatoka kwa Mmarekani Stanley Burroughs, aliyetoa kitabu chake The Master Cleanser mwaka 1976: limau, pilipili, na sharubati ya mti wa maple, kwa siku kumi au zaidi, bila kula kitu kingine. Yakapata umaarufu mpya Beyoncé aliposema aliyatumia kupunguza uzito kwa ajili ya filamu ya Dreamgirls ya mwaka 2006. Visiwani hakuna maple, kwa hiyo tukapewa asali. Ukiniuliza mimi, ile ni juisi ya ndimu ya kila siku iliyotiwa pilipili na kupandishwa bei mara kumi.

Ila kuna sehemu ya hadithi ya Burroughs ambayo mwalimu hakuisema, na sidhani kama mastaa waliiuliza. Bwana yule alishitakiwa California baada ya kijana mwenye saratani ya damu kufa akiwa mikononi mwake, akitibiwa kwa limau hilo hilo, taa za rangi na kukandwa mwili. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilifuta hatia ya kuua, lakini ikaacha pale pale hatia ya kutibu watu bila leseni. Nakumbuka nilivyoisoma habari hiyo kwenye simu, nimelala kwenye bembea, tumbo linalia kama gari bovu.

Nisiruke mbele. Siku ya kwanza jioni tulipewa fomu.

Maswali yalikuwa ya kawaida: una mzio, una mimba, unalala saa ngapi. Mwisho kabisa, kwa herufi za kupendeza, tukaombwa kwa siku zote za programu tuweke kando kahawa, sukari, pombe na "kemikali zote, vikiwemo vidonge", ili mwili upumzike na ini lipate nafasi ya kujisafisha.

Mume wangu ana miaka 37 na anameza dawa za presha. Mbili kwa siku, moja ni ile ya kukojoza. Ni mambo ambayo hapendi yasemwe, na ameniruhusu niyaandike kwa sharti nisimtaje jina. Baba yake alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 52, akaishi miaka sita upande mmoja wa mwili hausikii. Kwa hiyo vidonge vile nyumbani kwetu si vidonge tu. Kila akivimeza anamwona mzee. Na kila akisikia habari ya kitu kinachoweza kumwachisha, awe mganga, awe mchungaji, iwe chai ya majani gani sijui, macho yake yanabadilika kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli.

"Siku tatu tu," akaniambia usiku ule. "Tuone mwili unasemaje."

"Presha haisemi, mume wangu. Mzee ilimsemesha?"

Kimya. Upepo ukawa unagonga makuti. Nilijua nimemgusa penye kidonda, lakini bora kidonda kile kuliko kingine. Yeye akageukia ukutani, akasema mimi siku zote napenda kumfanya mgonjwa, kwamba hata likizo siwezi kumwacha ajisikie mzima. Mlio kwenye ndoa mnaujua usiku wa aina hiyo, mko paradiso, kitanda kimepambwa maua, na kila mmoja kaning'inia ukingoni mwake.

Asubuhi nikampigia wifi. Wifi yangu ni muuguzi Dar, mdomo wake hauna breki, na kaka yake anamwogopa.

"Wifi, mpe simu huyo," akasema kabla sijamaliza.

Nikaweka sauti ya wazi. Akamuuliza: umepewa nini cha kunywa jana? Ndimu. Na jioni? Chai. Chai ya nini? Mume wangu akamwita dada wa jikoni, dada akasema kwa lafudhi tamu ya kule, "Sanamaki hiyo bwana, inafungua tumbo." Basi wifi akafungua na yeye.

Nitawapa kwa ufupi alichosema, maana chote kinafaa kujulikana na yeyote mwenye mgonjwa wa presha nyumbani. Dawa ya presha haitibu na kwisha kama ya malaria, inashikilia. Ukiiachia, presha inarudi juu taratibu bila kukuuma popote, na aina nyingine za dawa hizo ukizikata ghafla inaruka kwa kishindo. Hilo la kwanza. La pili, ambalo mimi sikulijua: hata kuendelea na vidonge huku unafanya ditoksi kuna hatari yake. Dawa ya kukojoza inatoa maji na chumvi. Sanamaki inatoa maji na madini ya potasiamu kwa upande wa pili. Huli. Jua la Unguja linakausha. Potasiamu ikishuka sana moyo unaanza kupiga ovyo. "Kwa hiyo kaka," akamaliza, "ukiacha dawa nakuja na boti ya mchana. Na ukimeza dawa, ukale. Hakuna cha katikati." Akaongeza kuwa kama watatuletea juisi ya balungi tuikatae, kwa sababu balungi linavuruga baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli, linazifanya zijae kwenye damu kuliko daktari alivyopanga.

Mume wangu akakata simu, akakaa kidogo, akameza vidonge vyake viwili kwa maji ya dafu. Kisha akasema, "Naomba chapati."

Chapati haikuwepo, programu ni programu. Lakini mwalimu, kwa heshima yake, alipoelezwa hakubisha sana. Alituwekea samaki na mihogo, akatuachia kukandwa na mazoezi ya asubuhi. Pesa haikurudi. Kwa kuwa sasa nilikuwa naangalia mambo nikiwa nimeshiba, nikayaona vizuri zaidi.

Nianze na beseni la miguu. Unaliona kwenye saluni nyingi mjini. Unatumbukiza miguu kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, kifaa chenye vyuma kinawekwa pembeni na kuunganishwa na umeme, na baada ya nusu saa maji yanageuka rangi ya kutu. Ukutani kuna chati: kahawia ni sumu ya ini, nyeusi ya hiki, rangi ya machungwa ya maungio. Wageni wenzetu wawili kutoka Nairobi walikuwa wanapiga picha maji yao kwa fahari.

Mume wangu ni fundi wa umeme kwa kusomea. Akamwomba binti anayehudumia alifungue beseni lingine, maji yale yale, chumvi ile ile, bila miguu.

"Bila ya miguu bwana? Ataka kuondoshwa sumu nani sasa?"

"Beseni."

Binti akacheka, akawasha. Tukakaa tukipiga soga. Baada ya nusu saa beseni lilikuwa na "sumu ya ini" ya kutosha familia nzima. Ni umeme unaokula vyuma kwenye maji ya chumvi, ni kutu, basi. Binti akaziba mdomo kwa mtandio. "Makubwa haya! Nami nishawahi kutia miguu yangu." Zile plasta za kubandika nyayoni usiku zikageuka nyeusi asubuhi ni ndugu zake: unyevu ukigusa unga uliomo, rangi inabadilika, hata ukizirushia mvuke wa birika. Mamlaka ya Marekani inayolinda wateja iliwafikisha mahakamani wauzaji wa plasta za Kinoki mwaka 2009, na zilikuwa zimeshafika mpaka kwenye minada yetu.

Halafu mizani. Wale wa Nairobi walipungua kilo mbili kwa siku mbili na walikuwa wanaongea kwa kung'aa. Kilo zilitoka kweli. Ila siyo mafuta. Mwili unaweka akiba ya wanga, kiasi cha gramu mia kwenye ini na kama mia nne kwenye misuli, na kila gramu moja inahifadhiwa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Usipokula, akiba inaungua na maji yake yanaondoka. Ongeza sanamaki, tumbo nalo limekuwa tupu. Ukila ugali Jumatatu, kila kitu kinarudi mahali pake. Na sanamaki inafanya kazi yake kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo hata chipsi mayai ya jana yake haizuii, inaikuta imeshapita.

Na hiyo sumu yenyewe ni ipi? Nilimuuliza mwalimu, akasema ni mkusanyiko. Wa nini? Wa maisha ya kisasa. Sikumlaumu, maana hata wakubwa hawana jibu: mwaka 2009 vijana wanasayansi wa Uingereza chini ya Sense About Science waliwauliza watengenezaji wa bidhaa 15 za ditoksi maana ya neno hilo, na hakuna kampuni mbili zilizotoa maana moja. Watafiti wawili wa Australia, Klein na Kiat, walipopitia utafiti wote mwaka 2015 hawakukuta hata jaribio moja la uhakika kwa binadamu linaloonyesha diet hizi za kibiashara zinaondoa sumu. Wakati huo figo zako, bila kulipwa, zinachuja karibu lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, unabaki kukojoa lita moja au mbili. Ini lina kilo moja na nusu na halijawahi kuomba wikiendi.

Simaanishi kila kitu pale kilikuwa uongo. Tulilala saa tatu usiku. Hatukunywa soda wala bia. Tulitembea mchangani kila alfajiri. Ngozi yangu ilipendeza, na mume wangu alisema kichwa chake kimekuwa chepesi. Naamini. Lakini hayo yote yanapatikana Tabata kwa bei ya daladala.

Juisi za kijani peke yake ndizo naziwekea alama ya tahadhari. Mchicha na spinachi mbichi zina oksaleti nyingi, na madaktari wameshaandika kuhusu watu waliojaza figo zao fuwele kwa kunywa mabilauri ya kijani kila siku. Mchicha ule na ugali, mwanangu, kama bibi yako alivyokula.

Na bibi zetu walikuwa na ditoksi yao, tusisahau. Shule zikikaribia kufunguliwa, mtoto anashikwa pua, kijiko cha mafuta ya mbarika au haluli kinazama, na siku nzima mbio za chooni. Hakuna aliyesema ini. Walisema "tumbo lichafu", tena ilikuwa mara moja kwa mwaka na bure.

Tulipokuwa huru na ratiba ndipo tulipokiona kisiwa. Asubuhi ya bamvua tulitoka kwa miguu mpaka walipo kinamama wa mwani. Mashamba yale ya Paje na Jambiani yalianza kibiashara mwaka 1989, vijiti vimepangwa mistari ndani ya maji, kamba katikati, na mwani umefungwa vishada vishada. Wanawake wanainama majini saa nyingi, miguu kwenye chumvi, jua mgongoni. Mwani unakaushwa, unasafirishwa nje, unatolewa ute wa kugandishia dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Aina ile yenye bei nzuri, kotonii, inakufa maji yakipata joto sana, na miaka hii yanapata, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ndogo.

Kule kituoni kijiko cha unga wa mwani kilikuwa kinauzwa kama dawa ya kunyonya sumu. Nikamuuliza bibi mmoja aliyekuwa anafunga vishada kama na wao wanaula.

"Sie twaulima, hatuuli," akasema bila kuinua kichwa. "Mara moja moja sasa watengeneza juisi, keki. Wewe waumwa na nini?"

Nikamwambia siumwi, tulikuja kuondoa sumu.

Akainuka akanitazama, kisha akamtazama mume wangu. "Sumu kawatilia nani?"

Mume wangu alicheka mpaka akakaa kwenye maji. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ule usiku wa fomu, na nilimpenda yule bibi kama mama mkwe.

Usiku wa tatu tukaukimbia ufukwe, tukalala Mji Mkongwe. Kama ni kusafishwa mwili, mji huu una historia kuliko kituo chochote. Pale Hamamni bado lipo hamamu alilojenga Sultan Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888: vyumba vya joto na vya baridi, mabirika ya mawe, mahali pa kunyolea. Watu wa mji walilipa kidogo wakaingia, wanaume na wanawake kwa nyakati tofauti. Lilifungwa mwaka 1920 na sasa ni makumbusho, kavu kabisa, ukiongea sauti inarudi kutoka kwenye dari. Baba yake, Seyyid Said, alijenga hamamu lingine Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, kuta zimenakshiwa maua. Bwana alijua kuchagua zawadi. Ila Barghash ndiye aliyenigusa zaidi. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana kisiwani, na yeye akavuta maji safi ya chemchemi kwa bomba mpaka mjini. Sumu ile ilikuwa na jina, na aliijua inapitia wapi.

Jioni nikanunua singo kwenye duka dogo karibu na Darajani. Wasomaji wa bara, singo ni ule mchanganyiko wa langilangi, asumini, mrehani, karafuu na manukato mengine unaosagwa na kupakwa mwilini, na ndio somo anamsugulia nao biharusi mpaka ngozi iwe kama hariri. Mama muuzaji hakutaja sumu hata mara moja. Aliniuliza tu, "Mumeo yupo?" Nikasema yupo nje. "Basi usipake peke yako, mgongoni hufiki." Ushauri huo sikuupata kituoni kwa pesa zote zile.

Mambo ya kujua kama mnapanga kwenda. Boti za kasi kutoka Dar zinachukua kama saa mbili, na kama tumbo lako ni dhaifu usikae mbele. Hamamni nendeni asubuhi, vaeni kwa heshima, mpeni mlinzi muda awaeleze. Mwenye presha, sukari, figo au mimba aonane na daktari wake kabla ya kulipia programu yoyote ya kufunga, na vidonge viwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye begi la chini. Kwa mwani ulizeni wenyeji bamvua ni lini, kwa sababu maji mafu hamtaona shamba wala mkulima, mtaona bahari tu.